Unauza Pothosi kwa Wenye Akwaria? Usiahidi Kisichokuwepo

Meseji iliingia saa tatu usiku: "Dada, ule mmea wako umeniulia samaki." Chini yake picha. Samaki wanne wanaelea, na mmea umening'inia pembeni ya akwaria, majani yake kijani kabisa, hauna hata doa.

Mmea haukuwaua. Posti yangu ndiyo iliyowaua. Nilikuwa nimeandika: "Filta ya asili, sahau kusafisha maji!" Mteja akaamini, akachomoa filta ya umeme. Nilimrudishia hela yake, halafu nikakaa chini kujifunza ninachokiuza. Wewe unayeuza maua ya ndani au samaki wa mapambo mtandaoni, soma hii kabla hujaposti.

MMEA UNAFANYA NINI HASA?

Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia mashavu yake. Hiyo ni sumu. Bakteria wazuri wanaoishi kwenye sponji ya filta na kwenye mchanga huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo ina afadhali. Shida ni kwamba nitrati huzidi kujikusanya siku hadi siku mpaka ubadilishe maji.

Hapo ndipo pothosi inapoingia, ule mmea wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo ambao wateja wengi huuita mani planti. Kwa mmea, nitrati ni mbolea. Mizizi inaifyonza, pamoja na sehemu ya amonia, na kuigeuza majani.

Kwa nini majani yakae juu ya maji? Kwa sababu hewani kuna hewa ya ukaa ya kutosha. Mmea uliozama wote huipata kwa shida, hivyo wengi hukua polepole. Wenye mizizi majini na majani hewani hukua haraka, na unaokua haraka hula nitrati nyingi.

NANI ATANUNUA?

Anza na wanaofuga sikilidi, wale samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Wengi wao huchimba mchanga na kung'oa chochote ulichopanda chini. Halafu maji yao ni ya alkali, na kwenye maji ya aina hiyo amonia huwa kali zaidi. Mmea unaoning'inia juu unawafaa sana. Wenye goldifishi pia wafuate, maana samaki hao huchafua maji kweli kweli. Ila waambie ukweli: wengine huitafuna mizizi.

KUANDAA MZIGO

1. Kata shina chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea. Kipande kisicho na kifundo hakitoi mizizi. Shina moja lenye vifundo 10 linaweza kukupa vipande 5 vya vifundo 2 kila kimoja.
2. Weka kwenye chupa ya maji safi, penye mwanga lakini si jua kali. Badilisha maji kila wiki. Uza mizizi ikishatoka vizuri.
3. Kama mmea umetoka kwenye udongo, osha mizizi yote mpaka iwe safi.
4. Mmea uliopuliziwa dawa ya wadudu usiuze kwa mwenye akwaria. Huo mpe mteja wa chungu.
5. Kusafirisha: funga mizizi kwa tishu yenye maji, kisha nailoni. Mwambie wa bodaboda asiuache juani.

ANDIKA HAYA KWENYE KILA MZIGO

• Filta isizimwe. Umeme ukikatika, mmea huu haumsaidii samaki kupumua, kwa sababu majani hutoa oksijeni hewani, si majini.
• Maji yaendelee kubadilishwa. Mmea haufyonzi kinyesi wala mabaki ya chakula yaliyolala chini.
• Akwaria ikiwa mpya, anza na samaki wachache. Bakteria huchukua wiki kadhaa kuzoea.
• Mizizi tu ndiyo iingie majini. Majani yakae nje.
• Jani likinyauka, litoe. Likiozea majini, linarudisha uchafu uleule.
• Weka mbali na watoto, paka na mbwa. Majani yakitafunwa huwasha mdomo.

Najua unachowaza: "Nikiandika yote haya, nani atanunua?" Nilidhani hivyo hivyo. Lakini mwenye akwaria ana maswali mengi, na anayemjibu kabla hajauliza ndiye anayemrudia kununua chakula cha samaki, sponji na mmea wa pili. Jaribu maneno kama haya:

"Pothosi yenye mizizi tayari, inafaa kuning'inizwa kwenye akwaria. Inasaidia kupunguza nitrati majini. Filta yako iendelee kuwaka, maji uendelee kubadilisha. Maelekezo yanakuja na mzigo."

Haina mbwembwe, lakini kila neno unaweza kulitetea saa tatu usiku mteja akipiga simu.

Sasa fungua ukurasa wako. Kama kuna posti ya zamani inayosema "sahau kusafisha maji", ifute leo. Na kama kuna mteja aliyenunua kwa maneno hayo, mtumie meseji kabla hajachomoa filta.