Baba Yake Cinderella Yuko Wapi?

Kisa cha binti yatima anayenyanyaswa na mama wa kambo ni kikongwe kuliko wanavyodhani wengi. Wachina walikiandika katika karne ya 9, na kwao binti huyo anaitwa Ye Xian na rafiki yake ni samaki. Mfaransa Charles Perrault alikichapisha mwaka 1697, naye ndiye aliyetia boga linalogeuka gari la farasi na kiatu cha kioo. Sisi tuliolelewa na bibi zetu wa pwani tunamjua pia: ndiye anayepewa ukoko huku watoto wa mwenye nyumba wakila wali.

Mwaka 1945 kisa hicho kilichezwa mjini Moscow kwa muziki wa Sergei Prokofiev, katika sanaa ya baleti, ambayo husimulia hadithi kwa miondoko bila kutamka neno. Muziki huohuo niliusikia Birmingham, Uingereza, mji ambao takriban watu 3 katika kila 10 ni Waislamu, nilipofuatana na familia ya dada yangu kutazama Cinderella ya kundi la Birmingham Royal Ballet. Kundi hilo lilihamia huko kutoka London mwaka 1990, na onyesho hili lilitungwa na David Bintley mwaka 2010.

Najua swali litakalotangulia. Wachezaji huvaa nguo za kubana, wanaume kwa wanawake, na wapo wazazi wa Kiislamu wasiowapeleka watoto wao kwa sababu hiyo. Msimamo wao una heshima yake, na mwenye shaka amuulize shekhe wake. Dada yangu naye alisita, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Yeye ni mama wa kambo. Mumewe alifiwa na mke, akabakiwa na binti mdogo. Dada alimkuta mtoto ana miaka mitano, na sasa anatimiza tisa.

"Kaka," aliniambia, "nitakaaje kando ya mtoto nisiyemzaa, tukitazama mwanamke kama mimi akifanywa shetani mbele ya watu zaidi ya elfu?" Alikwenda kwa kuwa mtoto alimsihi.

Pazia lilipofunguka tulimwona binti jikoni, pekupeku, akiamrishwa huku na kule. Ndugu zake wa kambo, mmoja mwembamba na mwingine mnene, walikuwa vichekesho vitupu. Ukumbi ukacheka, na mpwa wangu akacheka kuliko wote. Dada yangu alikodoa macho mbele. Sikutarajia kwamba hadithi isiyo na maneno ingeweza kuonea mtu hivyo. Maneno hubishiwa, mkono unaoinuliwa juu ya mtoto haubishiwi. Ndipo saa ya usiku wa manane ilipowadia, ala zikagonga kama moyo wa mtu anayekimbia, na mtoto akaushika mkono wa dada yangu. Hakuuachia hadi taa zilipowashwa.

Swali lilikuwa limekwisha kuulizwa wakati wa mapumziko, katikati ya foleni ya maji ya kunywa. "Mama mdogo, baba yake yuko wapi? Mbona hawaambii waache?"

Katika maandishi ya Perrault, baba yu hai. Mkewe amemtawala kabisa, na binti hathubutu hata kumshtakia. Zaidi ya miaka 300 lawama imekuwa ya mwanamke peke yake, na mwanamume yule amepita salama. Mimi ndiye mwandika kumbukumbu wa kamati ya msikiti wetu, na mashauri ya namna hii hutufikia. Aghalabu anayeitwa kujieleza ni mke. Mume huketi pembeni akingoja uamuzi, kama mgeni aliyepita njia.

Tukiwa kwenye basi la kurudi, dada alinieleza siku yake ya kwanza katika nyumba ile. Alikabidhiwa mtoto na begi la nguo, kisha mume akaenda kazini zamu ya usiku. Hakuna aliyemwambia kwamba mtoto halali taa ikizimwa. Alilia hadi alfajiri, na majirani wakajua kuwa mama wa kambo ameanza.

Mkurugenzi wa kundi lile tangu mwaka 2020 ni Carlos Acosta wa Cuba, mtoto wa dereva wa lori, mdogo katika watoto kumi na mmoja. Baba yake ndiye aliyemlazimisha kuingia shule ya baleti ili asipotelee mitaani. Mtu aweza kubishana na chaguo la baba huyo, lakini hawezi kusema hakuwapo.

Shemeji yangu alisimuliwa onyesho zima mezani usiku ule, pamoja na swali la foleni. Hakujibu. Wiki iliyofuata aliomba kazini abadilishiwe zamu, angalau siku tatu awe nyumbani mtoto anapolala. Nilipoondoka, majibu yalikuwa hayajatoka.