Acheni Kuuliza Anakimbia Yadi 40 kwa Sekunde Ngapi

Akitajwa kijana anayetaka kuwa mpokeaji katika futiboli ya Kimarekani, swali ni lile lile: anakimbia yadi 40 kwa sekunde ngapi? Halafu hufuata la pili: mbona klabu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, hazimchukui Ferdinand Omanyala, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mwaka 2021? Maswali yote mawili yamejengwa juu ya imani moja, kwamba mpokeaji ni mkimbiaji aliyepewa mpira. Imani hiyo ni potofu, na inawapotezea vijana miaka ambayo wangeitumia kujifunza kazi yenyewe.

Jaribio la yadi 40, yaani mita 36 na nusu hivi, hufanyika kila mwaka Indianapolis mbele ya wakaguzi wa klabu. Mwaka 2017 John Ross alitumia sekunde 4.22, rekodi ya wakati huo, na Cincinnati Bengals wakamchagua akiwa wa 9 kati ya wachezaji wapya wote. Mwaka huo huo Cooper Kupp, kutoka chuo kisicho na jina kubwa cha Eastern Washington, alitumia sekunde 4.62 na akangoja hadi chaguo la 69. Ross alidaka mipira 51 katika misimu minne ya Cincinnati. Kupp alidaka 145 katika msimu mmoja wa 2021, akapata yadi 1,947, kisha akawa mchezaji bora wa fainali, Super Bowl. Mtasema Ross aliandamwa na majeraha. Ni kweli, wala halaumiwi. Basi tuwatazame waliokuwa na kasi kuliko binadamu wote. Jimmy Hines, bingwa wa Olimpiki wa mita 100 mwaka 1968, alipita Miami na Kansas City akaondoka na mipira 2. Renaldo Nehemiah, mtu wa kwanza kumaliza mita 110 kuruka viunzi chini ya sekunde 13, alicheza San Francisco misimu mitatu na kudaka 43. Mwaka 1985 klabu hiyo ikamchukua Jerry Rice, ambaye kasi yake ilitiliwa shaka na wakaguzi. Rice alicheza misimu 20 na kuacha rekodi ya mipira 1,549 na yadi 22,895, na hadi leo hajapatikana wa kuifikia.

Hapo ndipo huletwa jina la Bob Hayes, aliyeshinda mita 100 Tokyo mwaka 1964, akang'ara Dallas Cowboys na kuingizwa katika Ukumbi wa Heshima mwaka 2009. Wanaomtaja husahau kwamba Hayes alikuwa mchezaji wa futiboli wa chuo cha Florida A&M kabla ya kuivaa medali ile. Ufundi alikuwa nao tayari, kasi ikauzidishia thamani. Sikatai kwamba kasi ina kazi yake: beki anayeiogopa hurudi nyuma, na nafasi hufunguka mbele yake. Lakini nafasi hiyo haina faida kwa asiyejua kusimama.

Maana kazi yenyewe ni kusimama. Katika lile jaribio hakuna beki, hakuna mpira, hakuna kona. Uwanjani, ndani ya yadi 5 za kwanza beki anaruhusiwa kumzuia mpokeaji kwa mikono, na mrushaji wa mpira ana sekunde mbili na nusu au tatu tu kabla hajaangushwa. Mpira mara nyingi huachiliwa kabla mpokeaji hajageuka, ukielekezwa mahali walipokubaliana mazoezini, kwa hiyo kuwahi mno ni kosa sawa na kuchelewa. Anayekwenda yadi 15 kisha kurudi kuupokea humshinda beki kwa kushusha nyonga na kukata mwendo ndani ya hatua mbili tatu. Sekunde 4.4 na 4.6 zinatofautiana kwa mita mbili hivi mwishoni mwa yadi 40; mwenye breki nzuri huzipata mita hizo kabla ya yadi ya 20. Tena lazima atambue mbioni kama mabeki wanalinda eneo au wanakaba mtu kwa mtu, abadilishe njia, na mrushaji awe ameona hilo hilo. Ujuzi huo ulimweka mpokeaji Larry Fitzgerald ligini misimu 17. Sasa tazama dawa inayouzwa: kambi za kunoa mbio za yadi 40, ambako kijana hulipa fedha nyingi ili ajifunze kuanza mkono ukiwa chini, mkao ambao wapokeaji wa leo hawautumii katika mechi. Ni fedha iliyotupwa, na inaniudhi kwamba wauzaji wake wanalijua hilo.

Njia zilizopo ni hizi. Chuo cha Marekani bado ndicho mlango mkuu, na lazima miaka 3 ipite baada ya sekondari kabla ya kuchaguliwa. Mpango wa NFL wa wachezaji wa kimataifa ulianza 2017, lakini jina lake kubwa, Jordan Mailata wa Australia, ni jitu la mstari wa mbele, si mpokeaji. Futiboli ya bendera, isiyo na kuangushana, itachezwa katika Olimpiki ya Los Angeles 2028. Anayetoka raga ya wachezaji saba aitazame. Zoeza mikono kila siku, zoeza kusimama kuliko kukimbia. Ukifika NFL, kumbuka kikosi ni watu 53, na mpokeaji wa tano au wa sita hubakizwa kwa kukimbilia mipira ya mateke na kuwaangusha wanaoirudisha, basi jifunze kukaba. Kwenye mkataba soma kiasi kilichodhaminiwa, usisome jumla. Na hesabu misimu: haki ya pensheni hupatikana baada ya misimu 3, na wengi huachwa kabla hawajaifikia.