Simu Mkononi, Picha Ukutani

Septemba 2001, waliopita Alexanderplatz jijini Berlin usiku walikuta jengo la ofisi likicheza gemu. Jengo hilo, Haus des Lehrers, lilikuwa likisubiri ukarabati. Chaos Computer Club, klabu ya wataalamu wa kompyuta iliyokuwa ikiadhimisha miaka 20 tangu kuanzishwa, ilipanga taa nyuma ya madirisha ya ghorofa nane za juu. Kila ghorofa ilikuwa na madirisha 18, jumla 144. Kila dirisha likawa nukta moja ya picha, na kompyuta ikawa inawasha na kuzima kila taa peke yake. Mradi wakauita Blinkenlights.

Taa zilipendeza, lakini utamu ulikuwa kwenye simu. Mpita njia alipiga namba fulani, jengo likapokea, na papo hapo ikaanza Pong, ile gemu kongwe ya kudundisha mpira kati ya vibao viwili. Kibonye kimoja cha simu kilipandisha kibao, kingine kikakishusha. Akipiga mtu wa pili, wanachuana wao kwa wao. Asipotokea, kompyuta inashika upande wa pili. Wengine waligeuza ukuta ule kuwa barua ya mapenzi: mtu anachora ujumbe wake mapema, anapewa namba maalumu, halafu anamleta mpenzi wake uwanjani, anapiga simu, anaingiza namba, na ujumbe unawaka juu ghorofani. Taa zilizimwa Februari 2002. Baadaye mwaka huohuo kundi lilelile likafanya hivyo Paris, kwenye mnara wa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, safari hii kwa madirisha 520.

Simu janja hazikuwa zimeenea enzi hizo, na wala hazikuhitajika. Kibonye cha simu hutoa milio miwili kwa pamoja. Kibonye cha 5, kwa mfano, ni milio ya herzi 770 na 1,336. Kompyuta ikisikia mchanganyiko huo inajua kilichobonyezwa. Ndiyo mbinu ileile inayofanya kazi mteja anapopiga huduma kwa wateja akaambiwa kwa Kiswahili abonyeze moja. Simu ya Berlin haikubeba picha yoyote. Ilibeba amri tu, na kazi ya kuchora ilibaki kwa jengo.

Hapo ndipo penye ufunguo wa kuelewa kila kinachofanyika leo kati ya simu na TV ya sebuleni, projekta ya ukumbini au bango la umeme barabarani. Swali la kwanza ni moja: nani anabeba picha?

Katika kuakisi skrini, mbebaji ni simu. Kila kinachoonekana kwenye kioo chake kinanaswa, kinabanwa kiwe chepesi, kinarushwa hewani hadi kwenye TV mara kadha wa kadha kwa sekunde. Apple ina uwezo huo katika AirPlay tangu 2011. Simu nyingi za Android hutumia Miracast, iliyoanza 2012 na inayoweza kuunganisha simu na TV moja kwa moja bila kupitia intaneti. Faida yake ni kubwa kwa asiye na bando: filamu au picha zilizohifadhiwa kwenye simu zinaonekana kwenye TV bila kula hata megabaiti moja ya mtandao. Hasara ni kwamba simu inapata joto, chaji inakwenda mbio, na picha ya ukutani inachelewa kidogo nyuma ya kidole.

Tena kuakisi hakuchagui cha kuonyesha. Mwenyekiti wa kikao cha harusi anayepitisha bajeti kwa projekta, simu yake ikiwa ndiyo chanzo, anaweza kuletewa ujumbe wa muamala katikati ya maelezo. Wajumbe wote watasoma jina la aliyetuma pesa, kiasi, na salio. Michango ya siku hiyo itakuwa na mjadala wa aina yake.

Njia ya pili, kurusha, ilipata umaarufu mwaka 2013 Google ilipotoa Chromecast, kifaa kidogo cha kuchomeka nyuma ya TV kilichouzwa dola 35. Hapa simu ni kama mama anayemtuma mtoto dukani: yeye anataja kinachotakiwa, anayekwenda kuchukua ni mwingine. Ukigusa alama ya kurusha katika YouTube, simu inaipa TV anwani ya video, na TV yenyewe inaivuta kutoka intaneti. Simu inabaki rimoti. Unaweza kupokea simu na kujibu ujumbe, na wanaotazama wasijue lolote.

Lakini wenye kutumia bando wawe macho. TV ikiwa imeunganishwa kwa hotspoti ya simu, safari ya kwenda dukani inalipiwa na simu ileile. Na TV ikiona ina kioo kikubwa huomba picha kubwa. Netflix wenyewe wanasema picha ya kiwango cha HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na ya 4K hadi GB 7. Bando lililokuwa likitosha wiki kwenye kioo cha kiganjani linaweza kuisha kabla filamu moja haijafika mwisho.

Upande wa mabango ya hadharani, watafiti walianza kuumiza vichwa mapema. Mwaka 2005 Rafael Ballagas, Michael Rohs na Jennifer Sheridan walionyesha jinsi kamera ya simu inavyoweza kuendesha kishale kwenye skrini kubwa: simu inalinganisha picha zinazofuatana, inakadiria mkono umekwenda upande gani, na kishale kinafuata. Biashara ilichagua njia nyepesi zaidi. Mwaka 2011 McDonald's waliweka Pong kwenye bango la umeme jijini Stockholm; mchezaji alifungua tovuti tu bila kupakua programu, na simu ikathibitisha kwa kutumia mahali ilipo kwamba kweli yupo mbele ya bango. Aliyeweza kudumu sekunde 30 alipata chakula cha bure.

Ukaguzi huo wa mahali haukuwa pambo. Skrini inayopokea amri bila kuuliza zinatoka kwa nani ni mlango usio na komeo. Januari 2019 wadukuzi waliingilia maelfu ya Chromecast ambazo ruta zake zilikuwa zimeachwa wazi kwa intaneti, wakazirushia video ya kumpigia debe mwanayutyubu PewDiePie. Nyumba ya wageni ambayo vyumba vyote vinatumia Wi-Fi moja ina udhaifu wa jamaa hiyohiyo, ila kwa kipimo kidogo: mgeni wa chumba cha pili anaweza kuiona TV yako kwenye orodha yake.

Kwa hiyo, kabla ya kikao kijacho, zima arifa za simu kwanza ndipo uiunganishe na projekta. Nyumbani, washa sharti la PIN kwenye TV kama lipo. Na ukitumia hotspoti, shusha ubora wa video kwenye TV yenyewe, maana kuushusha kwenye simu pekee huenda kusiizuie TV kuvuta picha kubwa.