Nyama za Pua na Dawa ya Kupuliza

Huku kwetu Kilosa na Mikumi jina "nyama za pua" hutumika kwa magonjwa mawili. Mtoto anayekoroma na kulala mdomo wazi mara nyingi ana tezi zilizovimba nyuma ya pua. Hizo tuziache leo. Tunazungumzia vinyama laini, vyeupe-vyeupe kama zabibu zilizomenywa, vinavyoota puani mwa mtu mzima, aghalabu pande zote mbili. Haviumi. Pua huziba, kamasi hushuka kooni, na harufu hupotea hata mpishi asijue maharage yanaungua mpaka jirani amwambie.

Hivi si saratani. Ni utando wa ndani ya pua uliovimba muda mrefu mpaka ukaning'inia. Mara nyingi humo hujazana chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, zikimwaga kemikali zinazozidisha uvimbe na kuita wenzao. Wagonjwa wengi wana pumu pia, na baadhi yao wakimeza aspirini hubanwa kifua vibaya. Mwenye pumu na vinyama asiiguse kabla ya kumwuliza daktari.

Dawa ya kupuliza yenye steroidi, kama beklometasoni au budesonidi, huingia ndani ya chembe za utando huo na kuzima amri ya kutengeneza kemikali hizo. Eosinofili hupungua, maji hunywea, kinyama husinyaa. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Wengi huacha siku ya tatu wakisema dawa ni bandia! Vidonge vya prednisoloni huenda haraka zaidi, lakini daktari huvitoa kwa siku chache tu, maana vikizidi hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Usijinunulie dukani.

Kwanza osha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, robo lita kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Inamisha kichwa kidogo. Tundu la kushoto pulizia kwa mkono wa kulia, ukielekeza upande wa sikio. Ukipiga ukuta wa katikati, pua hutoka damu.

Kukata kimeo hakusaidii kitu hapa. Vinyama vikubwa hupasuliwa, navyo huweza kuota tena, kwa hiyo dawa huendelea hata baada ya upasuaji. Kikiwa upande mmoja tu, kikitoa damu, au mgonjwa akiwa mtoto, nenda mapema hospitali ya wilaya Kilosa au Mtakatifu Kizito Mikumi ukachunguzwe.