Mstari Mbele ya Dirisha la Tikiti

Goma haina reli. Mwanafunzi wetu asomapo habari za stesheni, na za watu waliojipanga mbele ya dirisha la karani, hana budi kufikiri bandari, kwa maana kwetu dirisha la tikiti liko ufukoni mwa Ziwa Kivu. Hapo hukusanyika wasafiri wa Bukavu, wenye mabegi, mifuko ya maharagwe na watoto mgongoni. Mashua za mbio huvuka kwa saa tatu hivi. Vyombo vikubwa, ambavyo nauli yake ni nafuu, huenda polepole, na vingi husafiri usiku.

Kwa nini mstari hukawia? Mara nyingi karani ni mmoja. Yeye hupokea fedha, franka na dola pamoja, na kutafuta chenji; yeye husoma jina katika kadi ya mpiga kura, huliandika katika tikiti, kisha huliandika tena katika orodha ya abiria. Ni kazi ya watu wawili au watatu. Nyuma watu wananung'unika, kijana mmoja anapitisha mkono juu ya mabega ya akina mama, na yule ajipatiaye riziki kwa kuwanunulia wengine tikiti anadai matabishi yake. Basi karani huona njia moja tu ya kuupunguza mstari: huacha kuandika. Auza tikiti bila jina, na waliosimama juani tangu asubuhi humshukuru. Hatuwalaumu sana, jua la ziwani ni kali.

Lakini yafaa tufahamu orodha ile ni ya nini. Mapema mwaka 2024 vita viliikata barabara ya Goma kwenda Minova, hata watu na vyakula vikalazimika kupita ziwani. Tarehe 3 Oktoba mwaka uleule mashua iitwayo Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na gati la Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukoni. Siku ileile gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema walikuwamo watu 278, na kwamba 78 wamekufa. Baadaye zilitolewa hesabu nyingine zisizolingana na ile. Tazameni msiba juu ya msiba: jamaa walikwenda gatini na hospitalini kuuliza kama ndugu yao alipanda au hakupanda. Tena haikuwa mara ya kwanza. Mnamo Aprili 2019, chombo kingine kilipozama katika ziwa hilihilo, Rais Tshisekedi alitaja watu 150 waliopotea, kisha akaagiza abiria wavae makoti ya kuokolea maisha.

Wala jambo hili si la Kivu peke yake. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, tarehe 21 Mei 1996, karatasi zilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Wale wa daraja la tatu, yaani maskini, hawakuwa na orodha yo yote. Waliokufa hukisiwa kuwa kati ya 800 na 1,000. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichopasa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Walikufa zaidi ya 220. Mkata tikiti alizama pamoja na mashine yake, na hesabu ya waliopanda ikazama naye. Orodha isiyoachwa nchi kavu yafaa nini?

Mstari waweza kupunguzwa bila kuliacha jina. Katika reli mpya ya Tanzania, iliyoanza kuchukua abiria toka Dar es Salaam hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, msafiri aweza kununua tikiti kwa simu yake, na jina lake huandikwa kabla hajaondoka nyumbani. Sisi hatuna budi kuanza na kidogo zaidi: karani wa pili. Mmoja apokee fedha, wa pili aandike majina kwa nakala mbili, moja iende na nahodha, moja ibaki gatini. Tena dirisha lifunguliwe mapema, si wakati chombo kinapopiga honi.

Wenye vyombo husema kwamba mshahara wa karani wa pili utaongeza nauli. Huenda ni kweli, lakini nafasi hizohizo zikiuzwa kupita kiasi fedha hupatikana upesi, na hapo twashuku ndipo kalamu inapochukiwa. Orodha iliyo kamili humwonyesha askari wa bandari, kwa tarakimu, kwamba chombo kimejaa.

Na mama afikapo dirishani, asitaje jina lake tu. Mtoto wa mgongoni mara nyingi halipi nauli, hapewi tikiti, kwa hiyo haandikwi. Amwambie karani jina la mtoto, na asiondoke mpaka aone limeandikwa, hata kama walio nyuma wanapiga kelele.