Uluguru si ya kukimbiliwa na dogo

UKIKAA Uwanja wa Jamhuri, Morogoro, Milima ya Uluguru unaiona. Kumpandisha mtoto wa miaka mitano ni mechi nyingine.

Wazazi wengine safari ya kwanza tu wanataka Morningside, kama wanasaka pointi tatu ugenini. Dogo anakata pumzi, analia, anarudi mgongoni kwa baba. Ukimwambia twende tena, anagoma.

Kwa kuanzia, kijito cha chini kinatosha. Aende asubuhi, avae raba zenye meno, achezee maji; aambiwe mito ya huku inaujaza Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam. Wingu likitanda, geuzeni mapema. Kwenye kushuka ndiko wadogo huteleza, tena wakiwa wamechoka.

Kimhandu, zaidi ya mita 2,600, itawasubiri.