Picha Nyuma ya Richard

Sogeeni karibu, wanangu, na mwenye simu aiweke kando kidogo. Hadithi yetu inaanzia kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako simba huvuka usiku na kuvamia maboma ya ng'ombe. Huko aliishi mvulana Mmaasai, Richard Turere, aliyekabidhiwa ng'ombe wa babake angali mdogo. Asubuhi moja alimkuta fahali wao wa pekee ameuawa. Alijaribu kuwasha moto, haukufaa kitu. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba waliiona wakarudi walikotoka, siku ya pili wakatambua haisogei, wakaruka ndani. Ndipo usiku mmoja, akizunguka boma na tochi, akagundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akatafuta betri kuukuu ya gari, kifaa cha indiketa cha pikipiki na balbu za tochi mbovu, akafunga taa zinazomweka kulizunguka boma zima.

Sehemu hiyo huenda mmeshaisikia. Mimi nataka mtazame nyingine. Februari 2013, akiwa na miaka 13 na tayari amepata ufadhili wa kusoma katika shule ya Brookhouse, upande ule wa Karen na Langata, Richard alisimama kwenye jukwaa la TED, mkutano wa hotuba fupi, huko Long Beach, California. Alizungumza kwa dakika saba hivi. Alipomtaja fahali, fahali yule alionekana kwenye skrini nyuma yake, amelala chini. Alipofika kwenye taa, akaeleza jinsi paneli ya jua inavyochaji betri, na betri inavyopeleka umeme kwenye kile kifaa cha indiketa, watu walikuwa wanaviona vitu hivyo huku wanasikiliza. Skrini ilibeba picha, Richard akabeba maneno. Nani alifikiria kugawanya kazi namna hiyo?

Waulizeni wazazi wenu waliosoma chuo kikuu zamani. Mhadhiri alikuwa akiandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, anailaza juu ya mashine yenye taa kali, na mwandiko unajitokeza ukutani. Ukitaka picha ya rangi, ilikubidi upeleke filamu isafishwe, usubiri. Mwaka 1984 Robert Gaskins alijiunga na kampuni ndogo ya California iitwayo Forethought, akaandika pendekezo la kurasa mbili: watu watengeneze kurasa hizo wenyewe, kwa kompyuta. Dennis Austin akaanza kuiandika programu, na baadaye Thomas Rudkin akaungana naye. Waliiita Presenter, lakini jina hilo lilikuwa na mwenyewe, ikawa PowerPoint.

Ilitoka Aprili 1987, kwa kompyuta za Macintosh tu, nyeusi na nyeupe. Na hapa ndipo ninapopapenda: haikukusudiwa kumulika kitu ukutani! Kazi yake ilikuwa kuchapisha kurasa za kutia kwenye zile plastiki. Miezi michache baadaye Microsoft ikainunua Forethought kwa dola milioni 14, na mwaka 1990 programu ikaingia kwenye Windows. Ilipofika 1992, Gaskins aliunganisha laptopu na projekta katika hoteli moja ya Paris, akaonyesha slaidi za rangi moja kwa moja. Plastiki zikaanza kuaga.

Hatari nayo ikaja. Kuandika kulipokuwa rahisi, watu wakaandika kila kitu. Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiligongwa bawa na kipande cha povu kilipokuwa kinapaa. Wahandisi waliieleza hali hiyo kwa slaidi zilizosongamana maandishi, hoja ndani ya hoja, na jambo zito likazama chini kwa herufi ndogo. Februari 1 Columbia ikavunjika ikirejea duniani, na wanaanga saba wakafa. Povu ndilo lililoharibu bawa, lakini tume ya uchunguzi ilizitaja slaidi za aina hiyo kuwa mfano wa mawasiliano mabovu ndani ya NASA, shirika la anga la Marekani.

Kwa hiyo msione haya kuweka slaidi yenye picha moja tu. Hapa kwetu, Machi 2010, kituo cha ubunifu cha iHub kilifunguliwa katika jengo la Bishop Magua, Ngong Road, na vijana wengi wenye wazo la programu wakapata mahali pa kuliunda na kulieleza kwa watu wenye pesa. Mwaka huohuo kundi la wanawake vijana lilishinda shindano la saa 48 lililoitwa IPO48 kwa wazo la M-Farm: mkulima apate bei ya soko kwa ujumbe wa simu, asipunjwe na madalali. Wazo kama hilo, msikilizaji akiona simu moja yenye bei ya viazi, ameshaelewa nusu.

Mkikaa kwenye saiba pale Kangemi au Kawangware kutayarisha kazi ya shule, ifungueni ile sehemu ya kuandika maelezo chini ya slaidi. Wekeni humo maneno yenu yote. Projekta ikiunganishwa vizuri, ninyi mtayaona kwenye laptopu, darasa litaona picha pekee. Rangi na aina ya herufi zipangwe kwenye slaidi kuu. Ukibadilisha hapo mara moja, slaidi zote zinafuata. Na kwa kuwa kompyuta ya shule huenda haina herufi ulizochagua, na mistari ikamwagika nje ya ukurasa, hifadhi nakala ya PDF kwenye flashi hiyohiyo.

Kuna kitufe kimoja ambacho hata walimu wengi hawakijui. Onyesho likiendelea kwenye PowerPoint, bonyeza B kwenye kibodi. Skrini inakuwa nyeusi, na macho yote yanahamia kwako. Maliza unachotaka kusema, halafu ubonyeze B tena, slaidi yako itarudi palepale ulipoiacha.